Mama Mmoja na Maswali Yake Manne



Mara nyingi daktari akiombwa kuandika katika kurasa kama hizi huandika kuhusu chanjo, shinikizo la damu au lishe ya watoto. Leo naomba ruhusa niandike jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa kuwa naamini linazigusa nyumba nyingi zenye mabinti na vijana wanaosomea udaktari.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa jikoni nikikanda unga wa mahamri ya asubuhi, mara nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mama wa makamo, buibui lake likiwa na vumbi la safari na mkononi amebeba kikapu cha ukili kilichojaa maembe. Alikuwa ametoka kisiwa cha Pate. Alivuka kwa mashua hadi Lamu, akavuka tena hadi Mokowe, kisha akapanda basi la kuja Mombasa. Sikumjua.

"Wewe ndiwe dokta anayewagawa watoto?" akaniuliza baada ya salamu.

Nilicheka kidogo, kisha nikafahamu alichokusudia. "Ni mimi, mama. Karibu ndani ukae."

"Nimekuja na maneno, mwanangu. Si ya ugomvi. Ni ya kuuliza."

Sharti nieleze huko "kugawa" ni kupi. Katika chuo ninachofundisha, kila mwaka wanafunzi wa udaktari wanaotaka kujifunza utafiti huandikisha majina yao. Upande wa pili, wahadhiri wa hapa na wenzao wa ng'ambo huleta kazi wanazozifanya. Wengi wao wamo katika fani iitwayo afya ya ulimwengu, yaani maswali ya maradhi ambayo hakuna nchi iwezayo kuyamaliza peke yake: malaria, kifua kikuu, vifo vya wazazi, na siku hizi kisukari na maradhi ya moyo. Sisi wahadhiri watatu huketi na orodha mbili, ya wanafunzi na ya walimu, tukamtafutia kila mwanafunzi mlezi wa kumwongoza. Mtu wa pwani angeielewa kazi hii haraka zaidi nikimwambia kwamba sisi ni washenga.

Binti wa mama huyu alikuwa mmoja wa tuliowagawa.

Kabla sijasimulia tuliyozungumza, niseme kwa nini kazi hii naitukuza. Daktari asiyejua utafiti hutibu kwa yale aliyoambiwa. Mara nyingi hayo hutosha, lakini mara nyingine hayatoshi. Ninapowafundisha wanafunzi huwatajia utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto afanyaye kazi Kilifi katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989. Vitabu vya tiba vilikuwa vikifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wa damu yake umedhoofika atiliwe maji mengi mshipani kwa haraka. Watafiti walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Miongoni mwa watoto ambao hawakupewa maji hayo ya haraka, takriban 7 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa waliopewa, walifariki kati ya 10 na 11. Tiba iliyodhaniwa kuwa ni uokozi, kwa watoto wa kwetu, ilikuwa na madhara. Jambo hilo lisingejulikana lau watu waliokaa wodini, wakiwaona watoto hao kwa macho yao, hawakuthubutu kuuliza.

Basi mimi nataka mabinti zetu na wana wetu wawe miongoni mwa wanaouliza. Ila najua pia, kwa jambo lililonipata mwenyewe, kwamba mlango wa utafiti una kizingiti kinachoweza kumwangusha mtu.

Nilipokuwa mwaka wa nne, jina langu liliwekwa chini ya mtafiti mmoja mgeni. Hakuna aliyeniuliza napenda nini. Niliambiwa ni bahati, nami nikaamini. Kwa miezi mitatu nilivuka kivuko cha Likoni kila asubuhi, nikipita nyumba kwa nyumba kuwahoji wanawake waliojifungua karibuni. Walinipokea kama mtoto wao. Waliniketisha mkekani, wakanipa kahawa, wakanieleza mambo ambayo mwanamke wa kwetu hamwelezi mtu baki: namna walivyotokwa na damu, namna walivyoogopa, na maneno waliyoambiwa na wauguzi. Niliandika yote na kuyafasiri, kisha nikakabidhi madaftari. Mgeni akasafiri kurudi kwao.

Miaka miwili baadaye niliiona makala katika jarida la tiba. Maneno ya wanawake wale yalikuwamo, mengine kwa fasiri yangu neno kwa neno. Jina langu halikuwamo, hata kwenye shukrani.

Nilihuzunika, lakini huzuni hiyo ilipoa. Isiyopoa ni nyingine. Siku moja nilikuwa sokoni nikichagua ndizi, mmoja wa wazazi wale akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "yale majibu yetu yalikwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Kwa muda wa mwaka mzima sikupita tena soko lile.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili lina kanuni. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo asili yake ni mkutano uliofanyika Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi wa makala ya utafiti. Awe na mchango mkubwa katika kuibuni kazi, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameshiriki kuiandika makala au kuipitia kwa kina. Awe ameiridhia kabla haijachapishwa. Na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Kukusanya data peke yake hakutoshi. Lakini kanuni hizo hizo zinataka aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyosalia. Mimi sikupewa nafasi hiyo, wala sikujua kwamba ni haki yangu kuidai.

Aliyeniokoa nisiuchukie utafiti moja kwa moja alikuwa mhadhiri mmoja mwanamke, mtu mzima, mkali wa macho na mpole wa roho. Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu tu. Alinikuta nimekaa peke yangu maktabani, akavuta kiti. "Wewe unataka kujua nini?" akaniuliza. Nikamweleza kazi niliyokuwa nimepewa. "Sikukuuliza kazi yako," akasema. "Nimekuuliza wewe unataka kujua nini."

Katika miaka minne ya chuo, hilo lilikuwa swali la kwanza la aina yake kuulizwa. Tangu siku hiyo tulikutana kila Alhamisi kwa nusu saa, miaka miwili. Rasimu zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu, nami nililia zaidi ya mara moja. Lakini alinijulisha kwa rafiki zake. Ulipofika mkutano wa madaktari alikataa kusema yeye. Alikaa kiti cha nyuma, akaniacha nisimame mimi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu kuja. Msichana wa pwani hakuachwa avunje ungo bila somo, yule mwanamke mzima aliyemfunda, akamfichia siri na kumtetea. Wala hakuchukuliwa yeyote. Wazazi walimchagua kwa tabia yake. Na katika madrasa zetu mwanafunzi aliyepewa ijaza alijua mwalimu wake ni nani, na mwalimu wa mwalimu wake ni nani. Elimu ilikuwa na nasaba. Alichonifanyia Mwalimu kilikuwa ni kitu hicho hicho, ndani ya koti jeupe.

Baada ya kuyapitia yote hayo, mngedhani kwamba mimi nisingekosea. Nilikosea.

Binti wa yule mama alikuwa ameandika katika fomu yake sentensi moja: anataka kujua kwa nini wazee wetu wenye kisukari hawawaambii madaktari wanapokusudia kufunga Ramadhani. Niliisoma, nikaipenda. Kisha nikampanga na profesa mkubwa wa ng'ambo, mtafiti wa malaria, aliyekuwa na fedha za kumgharimia mwanafunzi mmoja safari ya miezi mitatu nchini kwake. Binti alikuwa na alama za juu kuliko wenzake, nami nikaona nampa heshima. Nilikuwa nimemtazama mwalimu mwenye jina kubwa na mwanafunzi mwenye alama kubwa, nikawaunganisha, basi. Hivyo ndivyo nilivyounganishwa mimi.

Mama alikunywa chai yake yote kabla ya kuanza. Kisha akanyoosha kidole kimoja.

"La kwanza. Huyo mwalimu anamjua binti yangu, au ameliona jina lake tu?"

Nikajibu kwamba ameiona barua yake na alama zake.

"La pili. Huko atakaa wapi, na akiwa kazini na mwalimu huyo, nani mwingine atakuwapo?"

Hapa, nakiri, nilianza kumjibu kama mtu anayemfafanulia mtoto. Nikamweleza kuhusu mabweni, maabara na maofisa wa chuo. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "nilipomwoza dada yake niliuliza ukoo wa mume hadi kwa babu wa tatu. Wewe umenipa jina na picha."

Kisha akaendelea. "La tatu. Kazi ikishakwisha, itaitwa ya nani? Na la nne. Sisi tutakaoulizwa maswali, nani atarudi kutuambia majibu?"

Nilinyamaza. Mbele yangu nilimwona yule mzazi wa sokoni, kanishika mkono. Maswali ambayo hakuna aliyeyauliza kwa ajili yangu nilipokuwa mwanafunzi, mwanamke huyu alikuwa amesafiri kutoka Pate kuyauliza kwa ajili ya mwanawe. Nami nilikuwa upande wa pili wa meza, mahali pa yule asiyekuwa na jibu.

Nilimwambia ukweli. Nikamweleza yaliyonipata Likoni, jambo ambalo sikuwa nimemweleza hata mume wangu kwa ukamilifu. Aliposikia, akasema, "Basi safari hiyo haendi. Atabaki hapa hapa."

Nikaona hilo nalo si sawa. Nilimwambia kwamba mlezi wa mbali si lazima awe mbaya. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wana udugu wa zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wa huko huja kujifunza wodini bega kwa bega na wa huku, na wa huku huenda kule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema. Lakini mwenyeji naye sharti awe na kauli nyumbani kwake. Tulibishana kwa upole hadi kukaribia magharibi, yeye akivutia kwake, mimi kwangu.

Ndipo ikatujia fikra ambayo ilipasa kuja mwanzo. Tukampigia simu binti mwenyewe, tukaiweka sauti wazi.

"Mama, safari naitaka," akasema. "Na Dokta, swali la malaria ni zuri, ila si langu. Baba alianguka siku ya kumi na tisa. Mimi ndiye niliyemkuta."

Mamake akainamisha kichwa. Ndipo nikajua habari yote. Mzee alikuwa na kisukari miaka mingi. Ramadhani iliyotangulia alifunga akiendelea kumeza dawa zake kama kawaida, bila kumwuliza daktari, kwa kuogopa kuambiwa asifunge. Saa moja kabla ya futari sukari yake ilishuka, wakamkuta kalala ukumbini hajitambui. Alhamdulillahi alipona. Lakini binti yake hakulisahau swali.

Nalo si swali dogo. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR, kwa zaidi ya wagonjwa 12,000 wa kisukari katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Karibu asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya 2 walifunga angalau siku 15 za Ramadhani, na visa vya sukari kushuka vibaya, kiasi cha kulazwa hospitali, viliongezeka mara kadhaa katika mwezi huo. Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kula, hilo twalijua. Lakini mioyo ya wazee wetu ina mapenzi na mwezi huo ambayo daktari asipoyaelewa, watamficha. Katika nchi hizo 13, pwani yetu haimo. Kuna la kuulizwa hapa, na anayefaa kuliuliza ni mtu ambaye mzee wa Pate atamwambia ukweli.

Jumatatu nilirudi kwa wenzangu wawili, nikawaambia nimekosea. Nilimwandikia profesa yule. Alijibu kwa uungwana siku hiyo hiyo, akasema angependa mwanafunzi ambaye usiku anaiota malaria, na akatutajia mwenzake, mtaalamu wa takwimu aliyefanya kazi za kisukari. Tukapanga walezi wawili: daktari mwanamke wa hapa Mombasa anayetibu wagonjwa wa kisukari, ambaye binti atakutana naye kila wiki, na huyo mtaalamu wa ng'ambo, atakayezungumza nao wote wawili kwa video kila baada ya wiki mbili.

Sitaki mdhani kwamba kila mtu alifurahi. Fedha za safari zilikwenda kwa mwanafunzi mwingine. Binti alikubali, lakini alinyamaza siku kadhaa, nami najua safari kama ile humfungulia kijana milango. Huenda ikaja nyingine, huenda isije. Kila nikikumbuka hilo, moyo wangu hauna uhakika.

Tangu hapo maswali manne ya mama yamo katika fomu zetu, kwa maneno yake, na mlezi lazima ayajibu kwa maandishi kabla hajapewa mwanafunzi. Wazazi wenzangu, nawaomba nanyi myaulize, katika chuo chochote. Msione haya kwa kuwa hamkusoma. Kuuliza si ujinga. Na baada ya kuyauliza yote, ongezeni la tano, ambalo mimi na mama yule tulilisahau: mwulizeni mtoto mwenyewe anataka kujua nini.

Kazi ya binti imeanza. Amepata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Fomu ya ridhaa aliiandika kwa Kiswahili, akamsomea mamake kwanza. Palipoandikwa "upungufu wa glukosi katika damu", mama alimkatiza: "Semeni sukari imeshuka." Pakabadilishwa. Akashauri pia ianze kwa kusema kwamba hakuna atakayekatazwa kufunga kwa kujibu maswali haya, na kwamba maimamu waelezwe kabla ya wagonjwa. Mambo yote mawili yamefanywa, na katika daftari la kazi ushauri huo umeandikwa kwa jina lake.

Babake aliomba awe mtu wa kwanza kuhojiwa. Mlezi alikataa, kwa kuwa mtafiti hamhoji mzazi wake. Mzee hakupendezwa. Alikaa kimya dakani, kisha akasema vyema, yeye basi atangoja majibu.

Wabillahi tawfiq.